Picha ya kijana anachora chungu kikubwa bustanini, ni ya kale kweli ama ni kopi?

MamaT_Kisumu

Hamjambo wadau. Naomba msaada kwa wenye wanaelewa mambo ya picha za zamani. Mzee wangu alienda mnada wa vitu vya nyumba ya zamani huko Njoro akitafuta meza, akarudi na meza plus boksi la fremu lenye aliongezewa tu ndio watu wa mnada wamalize kazi waende zao. Nyingi ni farasi na mbwa wa kuwinda, hizo sina haja nazo, lakini kuna moja nimeshindwa kutoa mezani.

Ni wino mweusi peke yake, mistari mistari midogo, hakuna rangi. Kuna chombo kikubwa cha mawe, sijui nikiite chungu ama nini, kimesimama juu ya jiwe na kimechongwa watu kukizunguka, kikubwa hadi mtoto anaweza kujificha ndani asipatikane. Chini yake kijana wa kiume amekaa anakichora kile chombo. Nyuma ni miti ya bustani, na hiyo miti imechorwa hafifu sana mpaka unahisi iko mbali kabisa. Kwa maandishi madogo nimesoma Bella na mwaka 1656.

Sasa maswali. Hii inaweza kuwa ya 1656 kweli ama ni kopi ya juzi? Huyu kijana ni nani na mbona anachora chungu na bustani yote iko hapo? Na ya mwisho, karatasi imekuwa kahawia pembeni na ina madoa madoa, jirani yangu anasema nipanguse na jiki kidogo kwa pamba alafu nipeleke mjini ilaminetiwe isiharibike tena. Nifanye hivo?

FundiFremu_Nax

Mama T tafadhali USIGUSE NA JIKI. Na lamineti ndio mbaya kuliko jiki, hiyo plastiki inashikana na karatasi kwa moto na haitoki tena milele, hata kama picha ilikuwa na thamani siku hiyo ndio imekwisha.

Mimi nimetengeneza fremu hapa Nakuru miaka mingi na picha za mashamba ya zamani zinaletwa sana, shida huwa ni ile ile. Hiyo kahawia pembeni inatoka kwa kadibodi ya nyuma na ile hadibodi waliyotumia kufunga, hizo zina asidi, zinachoma karatasi polepole. Madoa madoa ni ya unyevu. Fungua fremu pole pole, laza picha kifudifudi juu ya shuka safi, toa kadibodi ya zamani, kama imebandikwa usivute. Kama imeshikwa na selotepu wacha kwanza, selotepu ya zamani ikivutwa inatoka na ngozi ya karatasi. Alafu uiweke katikati ya karatasi nyeupe safi, iwe flati, mbali na ukuta wenye unyevu, mkijua Kisumu vile hewa ya ziwa huwa.

Nani alikuambia jiki lakini?

Omera_wa_Kondele

Njoro??? Hiyo lazima imetoka kwa kasri ya Lord Egerton, yule mlowezi tajiri 😂 Uza hiyo picha, nunua gari, utuletee soda.

FundiFremu_Nax

@Omera kila kijiko cha zamani kikipatikana Njoro watu husema ni cha Egerton. Kasri lenyewe lilianza kujengwa 1938 na likaisha 1954, lina vyumba vingi ndio, lakini hakuna nyumba ya kutoa fremu zote nimeambiwa zilitoka huko. Walowezi walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na ukuta.

Mwalimu_Kakamega

Mama T, umeeleza vizuri sana mpaka nimeijua kabla ya kuona. Hiyo ni kazi ya Stefano della Bella, mtu wa Florence kule Italia, alizaliwa 1610 akafariki 1664. Picha yenyewe ni ya 1656 na inajulikana kwa jina la hicho chombo, chombo cha Medici. Sisemi karatasi iliyo mezani kwako ni ya mwaka huo, hiyo tuwaachie wanaojua karatasi, nasema kazi yenyewe.

Kijana unayemuuliza ni Cosimo, mtoto wa mtawala wa Toscana, nchi yenye mji mkuu Florence, wa ukoo wa Medici ambao walikuwa na benki kwanza kabla hawajakuwa watawala. Alizaliwa 1642 kwa hivyo hapo ana miaka 14. Na aliyemchora, della Bella mwenyewe, ndiye alikuwa mwalimu wake wa kuchora. Yaani ni mwalimu anamchora mwanafunzi wake akifanya kazi aliyopewa. Mimi kama mtu wa chaki hiyo sehemu huwa inanifurahisha kuliko chombo.

Bustani ni ya Villa Medici, iko Roma juu ya kilima cha Pincio. Ferdinando de' Medici aliinunua 1576 wakati huo akiwa kardinali, akaijaza sanamu za kale kila pembe. Hicho chombo ni marumaru, kilichongwa karne ya kwanza baada ya Kristo na mafundi wa Athens wakiwauzia matajiri wa Roma, kwa hivyo siku della Bella anakichora tayari kilikuwa na miaka zaidi ya 1,500. Kina urefu wa mita moja na nusu hivi ukiacha jiwe la chini. Sasa hapo ndio tuongee ukweli, mtoto kujificha ndani inawezekana, lakini kwenye picha kinaonekana kikubwa kuliko hiyo mita moja na nusu, kwa sababu mchoraji amekaa chini akakiangalia kutoka chini kwenda juu, na akamweka kijana miguuni pake. Ni ujanja. Walipenda sana ujanja wa namna hiyo enzi hizo za Baroque, mtindo wa sanaa wa wakati huo, kitu kikuinamie.

MamaT_Kisumu

Asante sana Mwalimu, nimesoma mara mbili. Fundi jiki nimeirudisha choo, na jirani nimempa salamu zako.

Lakini Mwalimu bado hujanijibu moja. Mtoto wa mtawala, ana watumishi, ana farasi, mbona akae kwa vumbi achore chungu? Hapa kwetu mtoto wa mheshimiwa akionekana chini ya mti na penseli watu watasema amefeli shule. Na bustani nzuri hivo ningetarajia watu wanatembea tembea, wanawake na magauni, muziki, si hivo ndio picha za bustani za wazungu huwa?

Mwalimu_Kakamega

Zipo hizo unazosema, na nyingi. Jacques Callot kwa mfano, ndiye della Bella alianza kwa kumuiga akiwa kijana, ana moja ya 1625 ya bustani ya jumba la mtawala wa Lorraine huko Nancy, ukiiangalia ni watu wa ikulu wametawanyika kwa vitalu vya maua, wadogo wadogo, kila mmoja na kofia yake na shughuli yake. Callot alikuwa fundi wa umati. Ana nyingine ya 1620, soko la Impruneta karibu na Florence, watu waliohesabika humo wanapita 1,000 na bado kuna mbwa na punda. Mimi nikiangalia ile nafikiria soko la Kibuye huko kwenu Kisumu siku ya Jumapili.

Kwa hivyo della Bella alijua kujaza bustani watu akitaka. Hapa hakutaka. Alitoa watu akabakisha mtoto na jiwe. Na si eti mtoto amekaa kwa vumbi kwa kukosa kazi, kuchora ilikuwa sehemu ya malezi ya mtoto wa tabaka lile, pamoja na kupanda farasi na upanga na hesabu. Na namna ya kujifunza ilikuwa hiyo, unapelekwa mbele ya kitu cha Warumi wa kale unakopi mpaka mkono ushike. Wachoraji wenyewe walifunzwa hivo hivo. Kwa hivyo picha inasema mambo mawili kwa mpigo: huyu mtoto anasoma, na vitu anavyosomea ni mali ya babu zake, viko nyumbani kwao. Wewe na mimi tungelipa kiingilio.

Ila maisha yakaenda yake. Huyo kijana alitawala kama Cosimo wa tatu kuanzia 1670 mpaka 1723, miaka 53, na historia haimsifii, dini nyingi, kodi nyingi. Mtoto wake Gian Gastone akafa 1737 bila mrithi na utawala wa ukoo ukaisha hapo. Lakini binti wa Cosimo, Anna Maria Luisa, huyo ndiye shujaa wangu. Mwaka huo huo wa 1737 akaandikiana mkataba na watawala wapya kwamba sanaa yote ya ukoo inabaki Florence, hairuhusiwi kutoka nje ya mji na nchi yake, ibaki kwa faida ya watu na ya wageni watakaokuja kuitazama. Alifariki 1743. Ukienda Florence leo ukakuta vile vitu bado viko, ni kwa sababu ya karatasi ya binti wa huyo kijana aliyekaa chini ya chungu chako. Na chungu chenyewe kilitolewa Roma kikapelekwa Florence 1780, kiko makumbusho ya Uffizi mpaka saa hii.

Omera_wa_Kondele

Mwalimu mimi nilikuja kucheka tu na saa hii nimesoma mpaka mkataba. Huyo dada angezaliwa Kenya tungekuwa na zile vigango zetu zote makumbusho, zile nguzo za ukumbusho za Wamijikenda zilizobebwa nje.

Achi_wa_Maprint

Nimechelewa, nilikuwa site. Mimi hufanya print, nilisomea sanaa chuo na bado nachapisha kidogo nyumbani huku upande wa Maseno, wacha niongeze ya ufundi kwa sababu hapo ndio utajua yako ni gani.

Hiyo inaitwa echingi. Mtu hachori kwa karatasi. Anachukua bamba la shaba, analipaka kitu cha nta na lami kinachozuia asidi, analipitisha juu ya moshi liwe jeusi ili aone anachofanya, alafu anachora kwa sindano. Sindano haikati shaba, inaondoa tu ile nta. Ndio maana mistari ya echingi inakuwa huru vile, mkono unateleza kama unaandika barua (aki samahani najua nimetia chumvi, haitelezi hivo siku ya kwanza). Kisha bamba linaingia kwa asidi, pale palipokwaruzwa panaliwa. Ukitaka kitu kiwe mbali unaacha asidi dakika chache, unatoa, unapaka vanishi hapo isiliwe tena, unarudisha bamba ili sehemu za mbele ziliwe zaidi. Mama T ile miti yako hafifu ya nyuma ndio hiyo. Haikuchorwa na mkono mwepesi peke yake, ilitolewa mapema kwa asidi, na chungu kikabaki ndani kinaendelea kuliwa. Della Bella alikuwa balaa kwa hiyo kazi. Alikaa Paris kutoka 1639 mpaka 1650 na huko ndio wafaransa walikuwa wameishika sana, hata kitabu cha kwanza cha kufundisha echingi kilitoka Paris 1645, cha Abraham Bosse, na kwa sehemu kubwa kinaeleza mbinu za Callot, zile za kupaka bamba vanishi inayokauka ngumu badala ya nta laini.

Mwisho bamba linapakwa wino, linapanguswa juu, wino unabaki kwa mifereji, karatasi yenye unyevu inawekwa juu na vyote vinapita katikati ya roli mbili nzito. Karatasi inaingia mpaka ndani ya mistari inanyonya wino. Na picha inatoka imegeuka, kushoto kunakuwa kulia, ndio maana mwenye kuandika jina lake lazima aliandike kinyume kwa bamba.

Sasa Mama T fanya hivi. Chukua lenzi, hata ile ya mwanafunzi wa biolojia, ama kamera ya simu uzuumu sana. Angalia mstari mmoja wa chungu. Ukiona umetengenezwa na vidoti vidoti vilivyopangwa, basi, hiyo ni picha ya kiwandani, ukurasa wa kitabu ama kalenda, hakuna haja ya kuendelea. Kama mstari ni mweusi mzima, zima taa, washa tochi ya simu kutoka pembeni karatasi ikiwa imelala, utafute alama ya bamba, mstari uliodidimia ukizunguka picha yote. Kisha inua karatasi mbele ya dirisha. Karatasi ya 1656 ilitengenezwa kwa mkono kwa wavu wa waya na ukiiinua kwa mwanga lazima uone mistari ya hizo waya, kama mkeka. Karatasi laini isiyo na mistari ilianza Uingereza 1750 na kitu, kabla ya hapo haikuwepo Ulaya. Na upime upana na urefu wa picha ulinganishe na ya makumbusho, Metropolitan ya New York wanayo na wameiweka kwa websaiti yao bure pamoja na vipimo.

MamaT_Kisumu

Nimefanya yote leo watoto wakiwa shule. Fremu imefunguka vizuri, nyuma kulikuwa na gazeti limekauka mpaka linavunjika, na mende mmoja marehemu.

Vidoti hakuna. Mistari ni myeusi mizima, nimeangalia na lenzi ya kijana wangu wa form three. Alama ya bamba IKO, imedidimia vizuri pande zote nne, hapo nikapiga kelele nikaita mzee. Lakini kwa dirisha karatasi haina mistari ya waya, ni laini tu nyeupe na hayo madoa. Vipimo vimetofautiana na vya websaiti kidogo, milimita kadhaa, yangu ni ndogo. Nyuma hakuna muhuri wala maandishi. Sasa hapo nimechanganyikiwa, imepita mbili ikaanguka mbili.

Achi_wa_Maprint

Hapana haujachanganyikiwa, umefanya vizuri kuliko wanafunzi niliosoma nao.

Karatasi ndio imeamua. Haina mistari ya waya, kwa hivyo si ya wakati wa della Bella, hiyo iko wazi. Inabaki moja kati ya mbili. Bamba za shaba hazikufa na mwenye kuzichora, zilirithiwa, zikauzwa, watu wakaendelea kuchapisha nazo mpaka zikaisha makali, kwa hivyo inawezekana mtu alichapisha kwa bamba la zamani kwa karatasi ya baadaye. Lakini vipimo visingetofautiana hivo. Karatasi yenye unyevu ikikauka hupungua kidogo ndio, na nakala mbili za bamba moja zinaweza kupishana, ila milimita kadhaa pande zote mbili mimi naona ni nyingi.

Ya pili ndio naegemea. Karne ya 19 wafaransa walijua kuchukua picha ya kamera ya print ya zamani, wakaihamisha kwa bamba la shaba kwa kemikali na mwanga, bamba likaliwa na asidi kama kawaida na likachapishwa kwa roli kama kawaida. Inatoka na alama ya bamba, inatoka na wino uliosimama, vidoti hakuna. Inaitwa helio. Amand-Durand wa Paris ndiye anajulikana zaidi, alifanya za wachoraji wakubwa wa zamani kama Rembrandt na Dürer na wengine, na zake mara nyingi zina muhuri mwekundu nyuma, yako haina kwa hivyo sisemi ni yake. Rudi na lenzi uangalie miti ya nyuma na chungu cha mbele. Kwa echingi ya kweli mstari wa mbele ni wa kina, wino umejaa, ukiweka tochi pembeni unatoa kivuli, na wa nyuma ni mwembamba. Kwa helio kina kinakaribiana, zile nyembamba zinaonekana nyembamba lakini ni rangi tu imepungua, na kando za mstari zina chembechembe.

MamaT_Kisumu

Chembechembe ziko. Kwa majani hasa. Kina sioni tofauti.

Achi_wa_Maprint

Basi ni helio ya zamani ama kitu cha jamii hiyo. Kwa pesa si gari la Omera. Kwa ukutani ni kazi nzuri na imechapishwa kwa mkono na mtu aliyejua kazi, hizo za sasa za kutoka kwa printa haziifikii.

Omera_wa_Kondele

Soda yangu imeenda hivo 😭

FundiFremu_Nax

Mama T mimi ningeiweka fremu tena, ya kale ama si ya kale. Tafuta kadibodi ya pamba isiyo na asidi, Nairobi inapatikana, huku kwetu inabidi uagize. Usibandike na gundi ya mbao wala selotepu, unashika kwa juu tu na vipande viwili vya karatasi nyembamba na uji wa wanga wa ngano, ndio kesho na kesho kutwa mtu akitaka kutoa atatoa na maji kidogo. Kioo kisiguse picha, weka kadibodi yenye dirisha katikati, kwa sababu Kisumu kioo kikitoa jasho karatasi inashikana nacho na kuvu inaanza hapo. Isikae ukuta wa nje wala mbele ya dirisha la jua, wala jikoni. Hayo madoa yaache, hayaongezeki ukiweka pakavu. Ukiwa na mtu anakuja Nakuru mtume nayo ikiwa imelazwa kati ya mbao mbili nyembamba, isikunjwe kama kalenda.

MamaT_Kisumu

Sawa Fundi, shemeji yangu huja huko mwisho wa mwezi, nitakutumia ujumbe pembeni. Mwalimu, kijana wangu anauliza kama hao watu waliochongwa kwa chungu ni akina nani, maana mmoja ni mwanamke ameketi na amejiinamia na wengine wamesimama tu wanaangalia.

Mwalimu_Kakamega

Mwambie hata wataalamu hawajakubaliana. Wengi wamesema ni Ifigenia, binti aliyekaribia kutolewa kafara na baba yake Agamemnon ili upepo uvume meli za vita ziende Troya, na hao waliosimama ni mashujaa wa Kigiriki. Wengine wanapinga. Ameona vizuri kwamba wamesimama tu, hicho ndicho kinachowasumbua, hakuna kisu, hakuna madhabahu, hakuna anayefanya kitu. Akitaka kujaribu, akae chini mbele ya picha na achore hao watu mmoja mmoja, atajua zaidi kuliko nitakavyomwambia.

Omera_wa_Kondele

@Achi swali la mwisho kabla sijalala. Kuna fundi wa redieta hapa ana vipande vya shaba amevitupa, na asidi ya betri niko nayo garage. Naweza jaribu hii echingi wikendi?

Achi_wa_Maprint

Asidi ya betri hailii shaba, utakaa hapo mpaka Jumatatu bamba likikuangalia. Na asidi ya nitriki usiguse kama huna mahali pa hewa, ule moshi unaharibu mapafu. Nenda kwa wale wa kutengeneza redio na bodi za elektroniki uulize feriki kloridi, ndio wao hutumia kula shaba ya bodi, inauzwa kama chengachenga ama maji ya kahawia. Tumia beseni ya plastiki, glavu, miwani ya kazi, na usiimwage kwa sinki, inakula mabomba. Bamba lilaze kifudifudi kwa beseni likae juu ya vijiwe vidogo, ndio uchafu udondoke chini usizibe mistari. Ya kuchapisha usijali, ukipata bamba dogo la upana wa kiganja kuna watu hutumia ile mashine ya mkono ya kubana tambi. Kata kwanza shaba, piga kando zote tupa ziwe mviringo zisipasue karatasi, alafu uniambie ukifika hapo.

Omera_wa_Kondele

Tupa ninayo. Tambi ndio sina.